Kona, Tii na Ridyusa: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Viungo vya Dakti ili Hewa Isikwame Njiani

Bekari ikiwa na joto kama tanuri, au ukumbi ukinuka jasho ilhali feni inanguruma, lawama hutupiwa feni. Mwenye jengo huambiwa anunue kubwa zaidi. Mara nyingi tatizo haliko kwenye feni bali kwenye viungo vya dakti, yaani bomba la bati linalopitisha hewa: kona iliyokunjwa kwa pembe kali, tii (kiungo cha kutolea tawi) iliyochomekwa mraba, kofia ya mvua iliyokaa karibu mno na mdomo wa bomba. Kubadilisha kona tatu hugharimu bati moja na nusu na siku moja ya fundi. Feni kubwa itakula umeme kila siku, na kwa dakti ileile, kuongeza hewa kwa asilimia 20 kunahitaji nguvu zaidi ya mara 1.7.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo: bekari ndogo ya Kisumu inayotaka kutoa mita za ujazo 0.5 za hewa kwa sekunde, yaani 1,800 kwa saa, kupitia dakti ya duara ya milimita 300, yenye mita 9 zilizonyooka na kona tatu. Yanayohusu kumbi, ofisi na majiko ya kukaangia tutayaingiza panapofaa.

Hatua ya 1: Jua kasi ya hewa kabla ya kugusa bati

Gawanya kiasi cha hewa kwa eneo la mdomo wa dakti. Dakti ya milimita 300 ina eneo la mita za mraba 0.0707, hivyo 0.5 ÷ 0.0707 ni mita 7.1 kwa sekunde. Kwa bekari, hiyo inavumilika. Kwa ukumbi wa mikutano au ofisi, njia kuu ibaki kati ya mita 5 na 7, matawi kati ya 3 na 4, na kwenye grili (mdomo wenye matundu unaoingia chumbani) 2 hadi 3. Ukizidisha, watu watasikia mvumo na mzungumzaji atalazimika kupaza sauti.

Kasi ikishajulikana, tafuta presha ya mwendo: nusu ya uzito wa hewa, mara kasi, mara kasi tena. Hapa ndipo mahali penyewe panapoingia kwenye hesabu. Majedwali mengi ya feni huandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, kilo 1.2 kwa mita ya ujazo. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya bahari na hewa yake ina uzito wa kilo 1.04 hivi. Nakuru, mita 1,850, ni kama 0.96. Eldoret, mita 2,100, hushuka hadi 0.93. Kwa bekari yetu: 0.5 × 1.04 × 7.1 × 7.1 ni paskali 26 (paskali ni kipimo cha presha). Namba hii ishike, kwa sababu kila kiungo hulipisha sehemu yake.

Hatua ya 2: Hesabu kila kiungo kinakula kiasi gani

Kila kiungo kina kizidishi chake. Zidisha kwa presha ya mwendo, upate hasara. Dakti ya bati iliyonyooka, ya ukubwa wetu, hupoteza takriban paskali 1.7 kwa kila mita. Sasa linganisha kona za nyuzi 90:

Kona iliyokatwa mara moja na kuunganishwa kama fremu ya picha ina kizidishi cha 1.2. Hiyo ni paskali 31, sawa na kuongeza mita 18 za dakti iliyonyooka. Kona ya vipande vitatu, iliyopinda taratibu, ni 0.34, yaani paskali 9. Ya vipande vitano ni 0.24, yaani paskali 6. Elbo laini ya kiwandani, isiyo na mikunjo, ni 0.15, yaani paskali 4. Takwimu hizi tatu za mwisho ni za kona ambayo nusu-kipenyo cha mpindo, kikipimwa katikati ya dakti, ni mara moja na nusu ya kipenyo cha dakti. Ukiibana iwe sawa na kipenyo tu, ile ya vipande vitano hupanda hadi 0.33.

Jumlisha mfumo wote wa bekari kwa njia mbili. Njia mbaya: mita 9 zilizonyooka (15), dakti iliyotobolewa moja kwa moja kwenye paa bapa la hudi, ile kofia ya kunasa moshi juu ya tanuri (13), kona kali tatu (94), kofia iliyobana (19), na presha ya mwendo inayotoka nje (26). Jumla ni paskali 167. Njia nzuri: 15, hudi yenye shingo ya mteremko (6), kona tatu za vipande vitano (19), kofia iliyoinuliwa (5), na 26 ileile. Jumla ni 71. Chumba ni kilekile na dakti ina kipenyo kilekile. Feni iliyonunuliwa kwa ajili ya paskali 71, ikifungwa kwenye ule mfumo wa 167, inaweza kupoteza theluthi nzima ya hewa. Feni nyepesi za ukutani za aina ya axial, zinazosukuma hewa moja kwa moja mbele, huumia zaidi. Zikishasukumwa kupita uwezo wao huvuma tu na kuzungusha hewa palepale.

Kabla ya kusoma jedwali la feni, rekebisha kwa mwinuko. Ikiwa umetumia hewa ya Kisumu kwenye hesabu, zidisha jumla kwa 1.15, Nakuru 1.25, Eldoret 1.29. Kwa hiyo 71 ya bekari hii itafutwe kwenye jedwali kama 82. Usichanganye hesabu ya Nakuru na jedwali la pwani. Huko ndiko feni "za saizi sawa" zinakoshindwa kazi bila mtu kuelewa sababu.

Hatua ya 3: Kona

Ukimwambia fundi wa jua kali akutengenezee elbo bila kutaja mpindo, atakupa ile inayomaliza bati kidogo. Si kosa lake, hakuambiwa. Mpe vipimo vitatu: kipenyo, idadi ya vipande, na kipimo cha mpindo wa ndani. Kwa dakti ya 300, mpindo wa katikati ni 450, wa ndani 300, wa nje 600.

Elbo ya vipande vitano huwa na vipande vitatu vya kati vya nyuzi 22.5 na viwili vya mwisho vya nyuzi 11.25. Kipande cha mwisho kina urefu wa milimita 60 upande wa ndani na 119 upande wa nje. Cha kati ni mara mbili yake: 119 kwa 239. Mzunguko wa dakti ni milimita 942. Ongeza 25 za mshono. Ukipanga vipande kwa kupishanisha, upande mfupi wa kimoja ukielekeana na mrefu wa kingine, bati moja la futi 8 kwa 4 linatoa elbo mbili pamoja na shingo za kuunganishia. Hesabu hiyo inaondoa kisingizio kwamba kona nzuri inakula mabati.

Bati la milimita 0.6 linatosha kwa ukubwa huu. Jembamba zaidi hubonyea upande wa kunyonya na kugonga kama ngoma feni inapowashwa.

Kwa dakti za mraba kuna mtego mmoja unaowanasa hata mafundi wazuri: kona yenye mgongo (upande wa nje) wa duara na koo (upande wa ndani) la pembe kali. Kwa nje inapendeza. Ndani, hewa inakosa njia ya kupinda kwenye ile pembe, inabanduka ukutani na kujizungusha yenyewe, kama maji ya mto yanavyozunguka nyuma ya jiwe. Kizidishi chake ni kilekile cha kona kali, 1.2 au zaidi. Koo ndilo lenye kazi. Mgongo ni wa pili. Kama dakti ina upana wa 400, koo liwe na mpindo wa angalau 200. Hapo kizidishi hushuka hadi karibu 0.2.

Nafasi ikikosekana, labda kwa sababu ya boriti au dari ya chini, kubali kona kali lakini weka mapezi ndani: vipande vya bati vilivyopinda robo duara, vikipangwa kwa ulalo kutoka koo hadi mgongo. Yakifungwa sawa, hasara hushuka hadi kati ya 0.1 na 0.35. Kingo zake ziwe sambamba na dakti, pande zote mbili, na yafungwe kwa ribiti ncha zote. Pezi lililolegea hupiga kelele, na lililogeuzwa huzuia hewa kuliko kutokuwapo kabisa. Usiruke pezi moja moja ili kubana matumizi. Nafasi pana katikati inaharibu kazi ya yote.

Hatua ya 4: Kupanua na kupunguza

Hewa hupungua kwa urahisi na hupanuka kwa shida. Inapoingia sehemu pana hupunguza mwendo na presha iliyo mbele huongezeka. Ile inayopita kando ya ukuta, iliyokwisha kuchoka kwa msuguano, hushindwa kusonga mbele na kurudi nyuma. Ndiyo maana ridyusa (koni ya kubadilisha kipenyo) moja, ukiigeuza, haifanyi kazi sawa.

Unapopanua, kila sentimita 10 za ongezeko la kipenyo zipewe urefu wa sentimita 30, na 40 ni bora. Kutoka 300 hadi 400, basi, koni iwe na urefu wa sentimita 30 hadi 40. Ukipanua ghafla, kutoka 200 hadi 300 bila koni, unapoteza takriban asilimia 31 ya presha ya mwendo ya bomba dogo. Unapopunguza, sentimita 15 kwa kila 10 zinatosha.

Sehemu inayosahaulika ni mdomo wa feni wenyewe. Feni ya 350 ikifungwa kwenye dakti ya 300 kwa bamba bapa lenye tundu katikati, kazi yote ya kona nzuri imetupwa. Weka koni pande zote mbili.

Hatua ya 5: Matawi

Chukua ukumbi wa Nakuru wenye njia kuu moja na grili nne. Tawi la nyuzi 90 lililochomekwa mraba hulazimisha hewa kugeuka ghafla, na tawi la kwanza, ambako njia kuu ina kasi kubwa, ndilo hukosa hewa. Watu hushangaa: grili iliyo karibu na feni inapumua kidogo kuliko ya mwisho. Sababu ni mwendo. Hewa inapita mbele ya tundu kwa kasi bila kugeuka.

Tumia tawi la nyuzi 45, kisha elbo ya nyuzi 45 kulirudisha wima. Kama nafasi hairuhusu, tumia tii yenye mdomo wa koni, ulio mpana kwenye njia kuu na kuja kubana kwenye tawi. Kwa dakti ya mraba, weka kiatu: upande unaopokea hewa umelazwa kwa nyuzi 45.

Baada ya kila tawi, punguza njia kuu ili kasi isianguke mno. Usitoe matawi mawili yakielekeana sawasawa kwenye njia moja, yapishe. Wala usitoe tawi kwenye mfuniko wa mwisho wa dakti, kwa sababu hewa yote iliyobaki itakimbilia hapo. Refusha dakti kidogo kupita tawi la mwisho, kisha ufunge.

Dampa (kilango cha kurekebisha hewa) ikae mwanzoni mwa tawi, karibu na njia kuu. Ukiibana dampa iliyo mgongoni mwa grili, inapiga mluzi juu ya vichwa vya watu. Weka alama ya rangi kwenye mpini kuonyesha ilipowekwa, kwani atakayekuja kusafisha ataisogeza.

Hatua ya 6: Fleksi

Ile dakti ya karatasi ya alumini yenye waya wa springi ni rahisi kufunga, na kwa hiyo hutumiwa vibaya kuliko kiungo kingine chochote. Itumie kwa mita moja au moja na nusu ya mwisho kuelekea grili, basi. Ivute hadi inyooke kabisa kisha kata ziada. Fleksi iliyobaki imejikunja kwa asilimia 15 tu inaweza kupoteza presha mara mbili au zaidi ya iliyonyooshwa, kwa kuwa kila mkunjo ni kizuizi. Ishikilie kila mita 1.2 hadi 1.5 kwa mkanda mpana, si waya, maana waya huikaba shingo. Ikipinda, mpindo wa ndani usipungue kipenyo chake.

Usiitumie kamwe kama elbo juu ya feni.

Hatua ya 7: Nafasi mbele na nyuma ya feni

Hapa ndipo panapoumiza zaidi, tena hakuna jedwali la kiungo litakalokuonyesha. Kona ikikaa puani mwa feni, hewa huingia ikiwa imeegemea upande mmoja. Mapanga ya feni ya upande mmoja hubeba mzigo na ya upande mwingine hupepea bure. Acha dakti iliyonyooka ya mara tatu ya kipenyo kabla ya feni, yaani sentimita 90 kwa bekari yetu, na mara mbili na nusu baada yake, sentimita 75. Ukilazimika kuchagua, linda upande wa kunyonya.

Kile kitambaa cha kuzuia mtetemo kati ya feni na dakti kisiwe na ulegevu. Upande wa kunyonya hujikunja ndani na kuziba mdomo. Kivute kikiwa kimefungwa, bila kukikaza kama ngoma.

Hatua ya 8: Mwisho wa dakti

Kofia ya mvua huinuliwa kwa woga, kwa sababu mvua ya alasiri ya Kisumu huja na upepo kutoka ziwani. Lakini kofia iliyo nusu ya kipenyo juu ya mdomo hula asilimia 73 ya presha ya mwendo. Iliyo robo tatu hula 18. Kwa dakti ya 300, nafasi iwe milimita 225. Bora zaidi ni kuacha kofia na kuvisha bomba pana: la kipenyo cha 325 juu ya lile la 300, lenye urefu wa mita 1.2, likiingiliana kwa sentimita 15 chini. Mvua hugonga ukuta wa bomba la nje na kushuka kupitia mwanya wa pembeni, na hewa inapaa wima mbali na madirisha ya jirani.

Wavu wa mdomo wa kutolea uwe wa matundu ya milimita 12, kuzuia ndege. Wavu wa mbu hapo huziba kwa unga ndani ya wiki chache. Kwenye mdomo wa kuingizia hewa ni kinyume: kando ya Ziwa Victoria, wale vijidudu vya ziwani wanaopanda angani kama moshi wataingia hadi kwenye unga. Weka wavu mwembamba kwenye fremu inayotoka kwa mkono, yenye eneo mara mbili au tatu ya dakti, na ioshwe kila wanapovuma. Nakuru kazi hiyohiyo inahitajika kwa sababu ya vumbi la kiangazi.

Hatua ya 9: Kuunganisha

Kipande cha juu kiingie ndani ya cha chini, ili maji ya mvuke yanayoshuka yasitoke kwenye kiungo. Usiku wa baridi wa Nakuru, mvuke wa bekari hugeuka kuwa maji ndani ya bomba la nje. Bila mpangilio huo utaona michirizi ya kutu ukutani. Tumia skrubu fupi za milimita 13, angalau tatu kwa kila kiungo cha duara, kisha paka gundi ya kuzibia kabla ya kufunga tepu ya alumini. Tepu ya kitambaa hukauka kwa joto na kubanduka.

Jiko la kukaanga samaki lina sheria zake. Mafuta huvuja kila penye mwanya na yanashika moto. Tumia chuma cheusi cha milimita 1.5 kilichochomelewa mfululizo, mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kurudi kwenye hudi, na mlango wa kusafishia penye kila kona. Usiweke mapezi, fleksi, wala skrubu zilizochomoza ndani.

Hatua ya 10: Pima

Toboa tundu la milimita 8 kwenye sehemu iliyonyooka, mbali na kona. Pima kasi kwa anemomita (kipima kasi ya hewa) inayopenya tunduni penye nukta tano au zaidi kuvuka kipenyo, kisha urudie kwa mstari unaokatiza wa kwanza. Zilizo karibu na ukuta zisiachwe, kwani katikati peke yake hukudanganya kwa asilimia 10 hadi 20. Zidisha wastani kwa eneo.

Ili kupata mla hewa, pima presha kabla na baada ya kila kiungo. Mrija mwangavu wenye umbo la U, ukiwa na maji, unatosha: tofauti ya milimita moja ni paskali 9.8. Kwa kuwa tofauti ni ndogo, laza mikono yote miwili ya mrija sambamba, ipande sentimita 1 tu kwa kila sentimita 10 za urefu. Milimita moja ya wima itasomeka kama kumi. Kona ya dakti yetu ikionyesha tofauti ya paskali 30, ifungue. Utakuta koo kali, pezi lililolala, au kipande cha tambara kilichosahauliwa ndani.